Mama Hamalizi Sahani

Mimi subira sina. Ninauza vipuri vya pikipiki hapa Butembo, na mteja akigeuza buji ya kuwashia injini mkononi mara tatu bila kununua, ninamnyang'anya. Donc, basi, mtu awaze mwenyewe nilivyokaa miezi saba nikimtazama mama yangu mzazi akila nusu ya chakula na kusukuma sahani pembeni.

Kila siku! Bugali na samaki, nusu. Sombe, majani ya muhogo, nusu. Hata yai la kuchemsha alilikata katikati, na asubuhi yake watoto wa jirani wakapewa kilichobaki. Mke wangu ni binti wa askari aliyeletwa kazini huku kutoka mkoa wa mbali, hapiki kama watu wa kwetu, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, anamimina bila huruma. Nikaona anaanza kunyamaza. Siku moja nilimkuta chumbani analia. "Mama yako hapana penda mapishi yangu," alisema. Nikaapa kwamba habari hiyo nitaimaliza.

Halafu kulikuwa na baba mdogo. Vita ilipofika kwetu Luofu, watu walikimbilia Kanyabayonga, wakafuata barabara kubwa mpaka huku. Mama alifika kwangu na kitenge kimoja na jembe. Baba alikuwa amegeuka njiani kurudia mbuzi zake tatu. Tangu siku ile hakuna rezo kule, simu hazishiki, hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Sasa baba mdogo, ndugu anayemfuata baba, alikuwa ananipigia kila asubuhi: tufanye matanga, tulie, watu wapumzike. Jumamosi ilishachaguliwa na padri alishaambiwa. Ilibaki neno moja tu, la mama, na mimi mtoto wa kwanza ndiye niliyepaswa kwenda kulichukua.

"Umupeleke fasi muzuri ya kula," aliniambia baba mdogo. "Mutu akishiba, anasikia."

Nikajiona mjanja. Kuna restora moja ndogo karibu na barabara ya Rughenda, ya mama mmoja aliyewapikia mapadri wazungu miaka mingi. Kwanza aliifungua Beni, usalama ulipoharibika kule akahamisha sufuria zake huku. Meza sita, nailoni ya miraba myekundu juu yake, na ukutani tablo nyeusi iliyoandikwa chakula cha siku kwa chaki. Unakula mara tatu katika kikao kimoja, kama Ufaransa: supu, nyama, kisha kitu kitamu. Na kwa bei ambayo kwenye hoteli za katikati ya mji unapata bia na tabasamu tu. Nilikuwa naipenda. Mchana inajaa makarani wa serikali wenye mashati yaliyopigwa pasi, wanaongea Kifaransa kingi kuliko kinavyohitajika, na mimi na mikono yangu ya grisi nilijisikia mtu kati yao.

Nilipomleta, mama yangu alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini. Pikipiki zilipita na vumbi lao, jenereta ilikohoa nyuma ya jiko, simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nilijua ni nani. Nilicheza na kisu, nikasogeza chumvi, nikairudisha. Niliongea habari za mvua, za bei ya maharagi, za kila kitu isipokuwa kile kilichotuleta.

Supu ya puaro, vile vitunguu vya majani marefu, na viazi ikaja. Mama akaonja, macho yakamfunguka.

"Ehe! Hizi viazi ni za kwetu kule juu."

Nikasema ndani ya roho: leo anamaliza. Alikula polepole mpaka katikati ya bakuli, akaweka kijiko.

"Mama, ni tamu ama hapana?"

"Ni tamu sana."

"Basi umalize."

"Nimekula."

Nikavumilia. Nyama ikaja, kipande kinene cha ng'ombe kwenye mchuzi wa vitunguu, na viazi vya kukaanga pembeni. Mama akashika kisu akaikata nyama katikati, taratibu, kama mtu anayegawa mche wa sabuni. Viazi pia akavitenga, hivi huku, hivi kule. Akala upande mmoja. Simu ilitetemeka tena. Mimi nilikula haraka kama ninavyofanya nikiwa na hasira, sikujua hata ninachotafuna.

Alipoweka uma, nikalipuka.

"Mama, juu ya nini unatufanyia hivi? Bibi yangu analia juu yako! Nakuleta kwa chakula ya bazungu, bado nusu tu! Unataka tupike nini?"

Watu wa meza ya pili wakageuka. Mama hakuwajali.

"Bibi yako anapika muzuri," alisema. "Umuambie vile. Sikujua analia, masikini."

"Sasa ni nini?"

Alinishangaa. Kweli alinishangaa.

"Si ile ni ya baba yako?"

Aka! Na mimi nilikua nikiyaona hayo. Nyumbani kwetu, baba akichelewa shambani, mama aligawa kwanza, akafunika upande wa baba kwa jani la mgomba, ndipo akala wake. Upande ule hakuugusa, hata alale na njaa, mpaka mwenyewe arudi ama waje watu wa kusema kwamba hatarudi. Nilisahau. Miaka ishirini ya mjini, nilisahau kabisa, nikadhani shida ni mafuta ya ngazi.

"Lakini mama, miezi saba..."

"Siku nitakula yote, ni miye mwenyewe nitakuwa namuua. Unataka nimuue hapa, mbele ya batu?"

Aibu ilinishika, na hasira haikutoka. Nilimkasirikia baba na mbuzi zake, nikamkasirikia baba mdogo na Jumamosi yake. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimechoka kungoja. Nilitaka iishe, kwa habari yoyote ile, iishe tu nilale.

Mwenye restora akaja kuondoa sahani. Ya mama aliitazama kwa huzuni kidogo. Yangu aliinyanyua juu ili wateja waione. Nilikuwa nimeipangusa kwa mkate, hata tone la mchuzi halikubaki.

"Voilà!" alisema akicheka. "Huyu ndiye mutu anajua kula!"

Mama aliitazama ile sahani nyeupe kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, bila ukali.

"Kumbe weye ulisha kumuzika," alisema. "Tangu lini, mutoto yangu?"

Nikafungua kinywa ili niseme si kweli. Lakini siku yenyewe niliijua.