Kutoka Wawi Hadi Wawi, kwa Tairi Mbili na kwa Tairi Nne

Mimi si mtu wa safari. Nikifika sokoni Chake Chake na kurudi, huhesabu kuwa nimetembea. Lakini mke wangu, Bi Zuwena, amepata mteja wa mikate: mwenye mkahawa karibu na bandari ya Mkoani anaitaka kila siku, ya moto, ifike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wachukuzi na abiria hawajakaa kunywa chai. Alipewa mpaka Ijumaa aseme anaweza au hawezi. Kuoka anaweza. Kufikisha ndiyo kazi iliyoniangukia miye, na miye nina baskeli.

Basi Jumatano nikatumwa kuchagua pikapu. Zilikuwepo mbili tulizozimudu: moja Mkoani, ya tairi mbili, nyingine Ole, ya tairi nne. Bi Zuwena akauliza gari ya tairi mbili inasimamaje. Nikamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyeelezwa jana yake, kwamba zote zina tairi nne, ila moja inasukumwa na zile mbili za nyuma tu, nayo ni nyepesi na ina mbio; ya pili inavuta kwa zote nne, nayo ni nzito na mvivu, lakini haiogopi tope. Moyo wangu ulikuwa kwenye mbio. Sababu yake nitaisema mwisho, nikipata ujasiri.

Saa moja asubuhi, Wawi. Niliaga kama mtu anayekwenda Hija. Nilivaa kanzu nyeupe na makubadhi mapya, ili muuzaji ajue anazungumza na mtu. Bi Zuwena alinifungia mikate miwili, akaniambia kanzu nyeupe na gari ya shamba havijuani. Nikapanda bodaboda, nikafumba macho mpaka Mkoani.

Saa tatu, Mkoani. Muuzaji anaitwa Hamadi, mtu wa makamo mwenye maneno mengi kuliko gari zake. Akaipiga bodi kofi, akasema, "Ukiikanyaga hii, yakhe, kivuli chako unakiacha bandarini kinatafuta usafiri."

Tukatoka nayo kwenda Ole nikazilinganishe, miye kwenye usukani, yeye pembeni. Nikaikanyaga. Kila kona ile mikate miwili ilihama kutoka mapajani mwangu kwenda kwa Hamadi, kisha ikarudi. Tatizo lilikuwa watu. Kwetu Pemba huwezi kumpita mtu mzima njiani kama unayepita mnazi, na salamu zetu si za kutupa dirishani: utaulizwa hali yako, ya watoto, ya mama, na mbuzi naye hasahauliwi. Nilikuwa nikipita kabla hawajafungua vinywa. Hamadi alipunga mkono kwa niaba yangu mpaka akalalamika bega.

Saa tano, Ole. Ulikuwa msimu wa karafuu, na karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa njia. Kila dereva wa kisiwa hiki anajua kwamba hapo hupitwa kwa adabu. Miye, nimeshasema, nina baskeli. Nikaona ndipo mahali pa kujaribu breki. Breki zilikuwa nzuri, lakini pikapu tupu mkia wake ni mwepesi: ukatupwa kando, tairi ya nyuma ikalikumba jamvi, na karafuu zikaruka. Nyingine zilitua majanini, nyingine kwenye kofia ya mzee aliyekuwa akizigeuza. Mzee huyo ndiye Mzee Nassor, mwenye ile gari ya tairi nne. Babu yake, wasemavyo watu, alikuwa na mashamba usiyoyaona mwisho. Yeye amebakiwa na mikarafuu michache, pikapu na ustaarabu wote.

"Assalaam alaykum," nikasema.

"Wa alaykumu salaam," akajibu, akiitoa karafuu moja kofiani. "Ungeanza na hiyo, ungepunguza mwendo."

Hakuniamuru kuokota. Aliniuliza tu hali za watu wangu, mmoja mmoja, macho yake yako majanini, na alipofika kwa ami yangu wa Wete nilikuwa nimeshapiga magoti. Tuliokota na Hamadi mpaka adhuhuri. Mkate mmoja nikampa mzee kama kumwomba radhi. Akautafuna, akasema ni mzuri kuliko dereva wake.

Baada ya sala, mvua ya vuli ikashuka bila kubisha hodi. Tulikimbiza majamvi ndani, kisha nikajaribu kuigeuza gari ya Hamadi kwenye njia ya shamba. Ikakaa. Tairi za nyuma zilizunguka pale pale, na kila tope zililoling'oa likaja kwenye kanzu. Mzee Nassor akaleta yake, akateremka, akainama kwenye tairi moja ya mbele, akazunguka akainama kwenye ya pili. Nilidhani anatafuta karafuu zilizobaki. Akatuvuta kama anavuta mlango, akateremka, akainama tena kwenye zile zile mbili. Hamadi akaaga, akasema gari yake inataka watu wa lami, akaondoka polepole akisalimia kila mtu.

Nilitaka tuzungumze pale pale. Mzee akakataa. "Twende ukaijaribu kwako," akasema. "Gari huijui mpaka uione inapolala."

Saa kumi, Wawi. Njia ya kwetu ni mlima wa udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imefika kabla yetu. Bi Zuwena alikuwa barazani na majirani. Nikaivuta ile gia ndogo ya kuziamsha tairi zote nne, kwa madaha. Gari ikapanda nusu, ikasita, ikarudi kinyumenyume mpaka mferejini.

"Hiyo ndiyo ya tairi ngapi?" akauliza Bi Zuwena kutoka barazani.

Mzee Nassor hakugeuza hata shingo. "Umezifunga za mbele?"

"Nimevuta gia."

"Gia umeivuta weye. Tairi hazina habari."

Akanionyesha kwa bakora: katikati ya kila tairi ya mbele pana kifungio cha kuzungusha kwa mkono. Mpaka uteremke ukizungushe, zile mbili zinafuata tu kama wageni wa harusi. Nikateremka. Kubadhi moja lilibaki topeni, lipo mpaka leo. Nikainama huku, nikainama kule, nikarudi usukanini, na gari ikapanda mpaka mlangoni.

Tulipokaa kunywa chai, Bi Zuwena akauliza kama ile ya Mkoani ingepanda. Nikakiri isingepanda. Lakini hii, nikasema, pamoja na salamu za njiani, itanichelewesha nusu saa.

"Basi utatoka nusu saa mapema," akasema.

Nikaikoroga tena chai yangu. Mzee Nassor akanitazama, akaelewa, akainamia kikombe chake kwa huruma. Sasa naisema: sikuwa nikitafuta gari ya mbio. Nilikuwa nikitafuta nusu saa ya godoro baada ya alfajiri.

Alhamisi Bi Zuwena alipeleka jibu Mkoani kwamba anaweza, na ya tairi nne sasa inalala kwetu. Nilichojifunza ni kwamba tairi nne hazikusaidii mpaka ukubali kuteremka. Na mteremko wa kwanza, jamaa zangu, ni wa kitandani.