Nilivyomkabidhi virtual assistant kujibu watu wangu, na aibu iliyonikuta Nyanungu

Wakuu, salamu kwenu wote, na waliotangulia kuzaliwa shikamoo zenu.

Naandika hii nikiwa nimeinamisha kichwa. Siongezi neno, maana aibu niliyonayo inatosha bila kupambwa. Mtakaocheka chekeni tu. Mimi mwenyewe nilianza kujicheka kabla yenu, shida ni kwamba kicheko kinaishia njiani.

Mimi ni mkodishaji wa matenti, viti na muziki hapa Tarime mjini, upande wa Nyamisangura. Harusi, kipaimara, msiba, mkutano wa kijiji, wewe ita tu.

Shule niliishia form two. Hatukugombana na shule, tuliachana kwa makubaliano, ila yenyewe ndiyo iliyokubali haraka zaidi.

Sasa kazi ilipokolea, simu ikawa haipumui. Nipo juu ya ngazi nafunga tenti, simu inaita. Nipo chooni, simu inaita.

Ndipo nikakutana na video moja online. Jamaa kavaa koti, anasema ukiona unajibu meseji za wateja mwenyewe ujue wewe siyo mfanyabiashara, ni kibarua wa biashara yako. Tafuta virtual assistant, msaidizi wa kukufanyia kazi kwa mtandao akiwa kwake. Kazi zinazoingiza hela shika mwenyewe, zinazokula muda mpe yeye.

Wakuu, yale maneno yaliniingia kama sindano. Kesho yake nikaanza kujiita CEO, nguzo za tenti zikiwa begani.

Nikampata dada mmoja anaitwa Neema, anaishi Iringa, anafanya hizo kazi kwa laptop nyumbani kwake. Mstaarabu, Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi naona haya kumwandikia. Tukaunganisha WhatsApp ya biashara kwenye mashine yake.

Ikaja sehemu ya kuamua nimpe kipi.

Kupanga bei nikabaki nayo. Kuongea na mafundi nikabaki nayo. Kushika hela, hiyo hata mke wangu simpi (anasoma humu, nisamehe mama). Matangazo ya status nikampa. Kupanga oda nikampa.

Zikabaki salamu.

Mliokaa huku kwetu mnanielewa. Mtu wa kwetu haanzi na tenti. Anaanza na umeamkaje, mkeo je, watoto, ng'ombe za baba yako, mvua huko imeshika au bado. Akija kufika kwenye viti, chai yako imepoa. Na wazee wengi hawaandiki, wanatuma voice note, ndefu, Kikurya mwanzo mwisho.

Nikaona hapa ndipo muda wa CEO unapoliwa. Zote nikamrushia Neema.

Hata hajazoea vizuri akaniandikia: "Bosi, hizi voice sielewi lugha. Nikutumie uzisikilize?"

Nikajibu kibosi: "Achana nazo. Hao wote wanataka viti. Watumie lile jibu la kawaida."

Jibu lenyewe tulilitunga wote, ila manjonjo yalikuwa yangu. Lilikuwa linasema hivi: "Asante kwa kutuchagua! Oda yako imepokelewa. Tafadhali lipia nusu ili tukushikie nafasi. Sherehe yako, furaha yetu."

Nilipolisoma nilijipigia makofi. Mtu wa form two huyo.

Nikasajili laini mpya ya kwangu binafsi, nikawapa watu wachache. Ile ya zamani, yenye WhatsApp ya biashara, nikaiweka silent dukani. Nikawa nalala kama mfalme.

Sasa juzi kati nilikuwa Sirari kwa fundi wa maturubai, tenti moja ilipasuliwa na upepo. Akanikuta hapo Mwita, bodaboda wa Nyanungu, nilisoma naye. Mwita ni mtu wa utani, lakini siku hiyo mkono wake ulikuwa baridi. Nikamtania kwamba nadhani mkewe kamnyima chai.

Hakucheka. Akasema, "Mura, ndugu yangu, kwa Mama Robhi hatukukuona. Ulikuwa unaumwa?"

"Kwa Mama Robhi kuna nini?"

Akaniangalia kwanza. "Tulishamzika."

Wakuu, ngoja niwaambie huyu mama ni nani.

Hakunizaa. Nilipokuwa nasoma Nyanungu, kwetu kulikuwa mbali, nikakaa kwake. Alinilisha sufuria moja na wanawe, Robhi na wadogo zake. Nilipoacha shule kila mtu alinisema, yeye hakunisema. Nilipopata viti vyangu vya kwanza nikawa sina pa kuviweka, akahamisha kuku wake jikoni ili viti vilale kwenye banda. Wazee wa pale mpaka leo wananiita kijana wa Mama Robhi.

Na kijana huyo, watoto walipoitwa kutupia udongo, hayupo.

Fundi wa tenti, mtu wa Isebania, upande wa Kenya, akatia neno: "Pole buda. Kwani hawangekuambia tu kwa simu?"

Mwita akamjibu, "Aliambiwa. Na akajibu."



Nikampigia Neema pale pale, nikamfokea mpaka fundi akaacha kushona. Dada wa watu akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akakata simu, akanitumia screenshot ya maneno yangu mwenyewe. Achana nazo. Hao wote wanataka viti.

 

Sasa angalieni akili yangu ilivyo. Badala ya kwenda msibani kama mtu, nikaenda kama kampuni. Nikakodi kirikuu, nikapakia viti na tenti bora kuliko zote, nikasema nitawafunikia watu bure, angalau nionekane.

Nilifika watu bado wamekaa matanga. Mzee Nyamhanga, mumewe Mama Robhi, alikuwa karibu na zizi amezungukwa na wazee wenzake. Vijana wakaanza kushusha viti. Akanyoosha mkono wakavirudisha kwenye gari.

Nikainama kama mtoto kwa baba yake. "Shikamoo tata."

Akaitikia. Halafu akauliza, "Nilichokuambia ulikisikiliza?"

"Hapana, tata."

"Kisikilize."

Nikatoa simu ya biashara, niliyoichukua dukani wakati napakia viti, nikaitafuta voice yake mbele ya wazee wote. Nikaibonyeza.  Nawatafsiria:

"Chacha, mama yako ametuacha asubuhi hii. Viti tutaazima kanisani, usihangaike na viti. Wewe njoo ukae na wenzako, wanakuulizia."

Na chini yake, wakuu, jibu langu lile. Sherehe yako, furaha yetu.

Mzee akasema taratibu, bila hasira hata kidogo, "Robhi alinisomea jibu lako. Nikamwambia asirudie kulisoma, wadogo zake wasisikie."

Basi. Hakunitukana, hakunifukuza. Natamani angenitukana. Nilikaa pale mpaka matanga yakaanuliwa, nachota maji, naosha masufuria, kazi wanazopewa watoto wadogo. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenizuia. Robhi alikuwa ananipa sahani chafu bila kuniangalia usoni.

Nimerudi mjini. Neema nilimwomba msamaha na bado tuko naye, anafanya kazi vizuri. Oda, tarehe na matangazo ni vyake. Voice zote zinakuja kwangu, za Kikurya na za Kiswahili, hata kama nipo juu ya ngazi.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi niligawa kazi kwa kuangalia ipi ina hela na ipi haina. Nilitakiwa niangalie anayeongea upande wa pili ananihitaji mimi au anahitaji viti. Bei yoyote Neema angeweza kuisema, ningempa orodha tu. Sauti ya yule mzee hakuna mwingine wa kuipokea zaidi yangu, na ndiyo niliyoigawa kwanza.

Kila asubuhi sasa namtumia Mzee Nyamhanga voice note ya kumjulia hali. Kile kimaiki kinageuka bluu, kwa hiyo najua amesikiliza. Hajajibu hata moja. Simlaumu, naendelea kutuma.

Mliowahi kuajiri VA, nyie mlianza kugawa kipi na mkabaki na kipi? Na kama kuna aliyewahi kumkosea mzazi namna hii akapokelewa tena, aniambie alifanyaje. Matusi nayapokea pia, ila majibu yenu nitayasoma mwenyewe.