Chokaa kwenye Ufa wa Jiwe

Ninaandika hadithi za majitu. Watu wa Pasiansi, ninakoishi sasa, wakiniuliza kazi yangu na nikawajibu kuwa ninaandika vitabu, huitikia kwa heshima. Wakiuliza vitabu vya nini, nikasema vya majitu na miji ambayo haikuwahi kuwepo, heshima hupungua papo hapo. Jirani mmoja aliwahi kunishauri niandike kuhusu kilimo cha matikiti. Zamani ningemjibu vibaya. Siku hizi ninamnunulia soda tu, maneno yanaishia hapo.

Katika hadithi za namna hii wasomaji wanampenda mwenye upanga. Nikialikwa shuleni wanafunzi huniuliza shujaa atafanya nini kitabu kijacho, na mimi hujikuta nimechoka kabla sijajibu. Moyo wangu uko kwa wengine kabisa: anayechochea moto ili joka la shimoni lisiamke, anayekagua komeo la lango kila jioni, anayejua ni daraja lipi limeanza kulia. Hawa hawana wimbo. Wakifanya kazi yao vizuri hakuna kinachotokea, na mambo yasiyotokea hayasimuliki.

Kitabu changu kirefu kuliko vyote kinahusu mji uliojengwa katikati ya majitu yaliyolala. Watu wanaanika nguo kwenye mabega ya majitu hayo wakidhani ni vilima. Kuna kundi dogo linaloitwa Wabembelezi, ambao kazi yao ni kupita kila asubuhi wakichomeka vijiwe chini ya visigino vya majitu na kusikiliza kama pumzi zimebadilika. Wenye mji hawawajui. Wakosoaji wawili watatu walisifu ubunifu wangu. Nilicheka, kwa sababu sikubuni sana. Nililelewa na mmoja wao.

Baba alikuwa fundi mawe. Alitoka Magu akiwa kijana, akaacha pamba na mpunga wa kwao, akaja kupasua mawe ya misingi hapa Mwanza. Nyundo ilimponda dole gumba la mkono wa kulia akiwa bado anajifunza, likapona likiwa bapa, halina ncha. Alijenga nyumba yetu mlimani, kama wengi wasio na uwezo wa kununua kiwanja tambarare, na huko mlimani kila mtu ana jiwe lake: wapo waliotegemeza ukuta kwenye jiwe, wapo wanaoanikia dagaa juu ya jiwe, wapo ambao jiwe liko juu ya paa lao na hawapendi kulitazama.

Jiwe la mtaa wetu lilikuwa kubwa kuliko nyumba yoyote iliyokuwa chini yake. Lilikalia jiwe jingine, kati yake kuna ufa ambao mkono ungeweza kuingia. Baba alikuwa amechomeka kabari za mawe magumu kwenye ufa ule, moja moja, kwa miaka. Kila mwaka kabla ya vuli alipanda na kopo la chokaa aliyoichanganya na majivu, akaipaka kwa dole gumba kukatisha ufa, kutoka jiwe la juu hadi la chini, sehemu mbalimbali. Chokaa ile ikikauka inakuwa ngumu na dhaifu kama ganda la yai. Jiwe likisogea hata kidogo tu, alama inapasuka. Kila baada ya mvua kubwa alipanda kutazama.

“Jiwe halisemi uongo,” aliniambia nilipokuwa mdogo, “ila halisemi mara mbili.”

Hakuna aliyemtuma, na yeye hakuwahi kumtangazia mtu. Waliomwona akipanda na kopo walidhani anaenda kukagua mawe ya kupasua.

Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka Nansio, mjane mwenye watoto wadogo, akapanga chumba na ua katika nyumba iliyokuwa chini kabisa ya jiwe lile, palipokuwa na kodi nafuu. Alikaanga maandazi alfajiri na kuyauza mlangoni. Huyo, baba hakumficha siri ya jiwe. Alikwenda siku ya kwanza, akanunua maandazi, akakaa kwenye kigoda.

“Binti yangu, siku nikija hapa nikakwambia epua karai, unaepua, unachukua watoto, unatoka. Huulizi.”

“Na nikiuliza, baba?”

“Utauliza ukiwa nje.”

Yule mwanamke alicheka, lakini alipotazama juu aliacha kucheka. Aliahidi.

Miaka ilipita hivyo. Mtoto wa jicho alianza kumfunga baba macho yote mawili, akawa anakagua alama kwa kupapasa. Wakati huohuo nilikuwa namalizia kitabu cha Wabembelezi, nikawa napanda kwake Jumapili mchana kumsomea. Alisikiliza vizuri, akinisahihisha namna ya kuchomeka vijiwe, mpaka tulipofika sura ya mwisho, ambapo mji unagundua siri, mfalme anawavika Wabembelezi mataji ya maua, na watu wote wanacheza ngoma kuanzia machweo. Mimi nilikuwa naipenda sana sura hiyo. Nililia nikiiandika.

“Wanacheza wapi?” baba aliuliza.

“Uwanjani, kati ya majitu.”

“Basi wameyaamsha.” Akaomba chai. Niliudhika, na sikuficha.

Mwaka ule jiwe liliporomoka kwenye kilima kingine, mbali na kwetu, likabomoa choo na banda la mbuzi. Mtaani kwetu kukaitishwa mkutano, watu wana hofu. Baba alikuwa Magu kwa msiba wa ndugu yake. Yule mwanamke wa Nansio akasimama mbele za watu, akasema wanaopaswa kuogopa ni wengine, sisi jiwe letu lina mwenyewe. Akaeleza kila kitu: kabari, kopo, ahadi ya karai. Nilikuwepo, nikaona watu wazima wakitazamana kwa aibu. Mtu aliishi nao miaka yote hiyo na walikuwa wanamwita mzee wa kokoto.

Wakaamua kumheshimu. Na sisi kwetu, tukitaka kuheshimu kitu, tunakipaka chokaa. Mgeni wa serikali akija tunapaka mawe ya barabarani. Shule ikifunguliwa tunapaka miti. Vijana walichanga, wakanunua magunia, wakapanda na mabrashi, wakalipaka jiwe lote kuanzia chini mpaka walipoweza kufika, na katikati wakaandika kwa rangi nyekundu: ASANTE MZEE WETU. Nilipoliona kutoka barabarani, likimeta juu ya mapaa, machozi yalinitoka. Niliona sura yangu ya mwisho imeandikwa upya, kwa herufi kubwa.

Baba alirudi jua likiwa la kupungua, mawingu mazito yamesimama upande wa ziwa. Walimpokea kwa vigelegele. “Shikamoo mzee!” “Shikamoo babu!” Akaitikia marahaba huku na huku bila kujua kuna nini, mpaka tukamfikisha kwenye jiwe na mimi nikamsomea maandishi. Alinyoosha mkono, akautafuta ufa, akapitisha lile dole bapa mahali ambapo alama zake zilipaswa kuwepo. Alipapasa, akarudi nyuma, akapapasa tena. Kila mahali palikuwa laini, chokaa juu ya chokaa. Brashi zilikuwa zimeshiba mpaka ufa wenyewe umezibwa.

“Nani wamepaka?”

“Ni sisi, baba,” alisema yule mwanamke kwa furaha. “Ni kwa ajili yako.”

“Asanteni,” alisema baba. “Asanteni sana.” Kisha akageuza uso kuelekea sauti ya yule mwanamke. “Binti yangu, epua karai.”

Watu wengine walidhani ni utani na wakacheka. Yule wa Nansio hakucheka.

“Limesogea?” aliuliza.

“Sijui. Ndiyo maana.”

Kisha akashuka mbio, na sisi tukamsikia akiwaita watoto kwa majina yao mmoja mmoja. Walihamia kwetu na godoro na karai bado la moto.

Mvua iliponyesha ilinyesha kweli. Ilipopungua tukapanda na mabrashi ya waya kutafuta alama za zamani, lakini chokaa mpya ilikuwa imeshikana na ya zamani, zikabanduka pamoja. Hatukujua, na hatutajua kamwe, kama jiwe lilikuwa limesogea mwaka ule. Baba aliamuru ukanda wote wa ufa usafishwe mpaka jiwe tupu lionekane. Maandishi yalipita humo humo. Nilisugua mimi mwenyewe neno ASANTE, herufi baada ya herufi, huku yeye ameketi pembeni akikoroga kopo lake. Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma hivyo.

Akapaka alama mpya, na akakataza mtu yeyote kurudi chini ya jiwe mpaka mvua za vuli zipite. Jiwe halikuanguka. Na kwa kuwa halikuanguka, maneno yakaanza. Kwamba mzee amezeeka, anaona mambo. Kwamba kawafukuza watu makwao kwa kisa cha rangi. Wateja wa maandazi walipata muuzaji mwingine. Waliochanga wakadai heshima yao imetupwa. Nilikuwa nikisikia haya bombani, damu ikinichemka, na jioni moja nikamwambia baba kwamba shukrani ya punda ni mateke.

“Hawa walinipaka chokaa kwanza,” alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza taratibu, “Mama, ulitaka lianguke ndiyo wajue?”

Nilikwenda nyumbani, nikaichana sura ya mwisho. Katika kitabu kilichochapishwa, mji haujui kitu mpaka leo. Wasomaji wananiandikia kulalamika.

Yule mwanamke alirudi chini ya jiwe mvua zilipokwisha, alama zikiwa nzima. Hakulaumu. Akaanza upya kutafuta wateja.

Baba alifariki katika kiangazi, kwa amani, kitandani kwake. Msibani walisema alikuwa mtu mwema, fundi hodari wa misingi. Jiwe halikutajwa.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika nilichanganya chokaa na majivu, nikapanda. Nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua kuandika kazi ile kuliko kuifanya. Nilipofika kwenye ufa nikakuta alama zimeshapakwa. Zilikuwa mbichi bado, zimekaa pale pale alipoziweka yeye, lakini dole lililozipaka lilikuwa jembamba, lenye ncha. Nilisimama pale nikalia kwa sauti, peke yangu na mijusi.

Nikashuka kununua maandazi. Yule mwanamke alikuwa mbele ya karai, na chumba cha pili cha ua ule kilikuwa kimepata wapangaji, kijana na mke wake mwenye mtoto mgongoni.

“Dada,” nilimwambia, “kuna mtu kapaka alama kule juu.”

“Kule juu?” Akageuza andazi. “Mimi na mawe wapi na wapi.”

Sikuendelea kumuuliza. Nililipa, nikapokea kifurushi, nikaanza kuondoka. Nilikuwa sijavuka ua nikamsikia anamwita yule mke wa kijana, anamwambia asogeze kigoda akae.

“Mwanangu, siku nikija mlangoni kwako nikakwambia epua sufuria, unaepua, unachukua mtoto, unatoka. Huulizi.”

“Na nikiuliza, mama?”

“Utauliza ukiwa nje.”

Nilishuka mlima taratibu na kopo langu la chokaa likiwa limejaa vilevile.