Salamu za Babu Kwenda Buluo

Juzi nilipokuwa Likasi, mjomba wangu alinitolea kopo la maziwa ya unga lililoanza kushika kutu. Ndani mlikuwa na barua zangu, zote, kwenye karatasi za daftari la shule. Niliutambua mwandiko wangu wa miaka tisa, herufi nene kama nilivyokuwa mwenyewe wakati huo. Nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Mjomba alikuwa mlinzi wa ghala moja pale mjini, na nyaya za shaba zikapotea kwenye zamu yake. Kama alijua zilikokwenda au hakujua, mimi hilo sijapata kuuliza. Alifungwa miaka mitatu kule gereza la Buluo. Babu, baba yake, alikuwa amevunja mawe ya chokaa Kakontwe maisha yake yote bila kurudi nyumbani hata na msumari wa watu. Alisema tu kwamba jina la mtoto huyo lisitajwe tena mbele yake.

Bibi alikuwa na miguu mibovu, Buluo asingefika. Kwa hiyo kila Jumatano alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nami nikaketi karibu na kinu na kalamu yangu. Kesho yake mama mmoja wa parokia, aliyewatembelea wafungwa, alipita kuchukua sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe, iliyofungwa kwa kitambaa, barua juu yake. Karatasi zile bado zinanukia mawese, au basi pua yangu inanidanganya.

Bibi hakujua kusoma, lakini barua alizijua. Habari zilichukua mistari miwili, salamu zikachukua ukurasa mzima: mama yako anakusalimia, dada yako, jirani, hata mbwa. "Kama jina ya muntu inakosa," aliniambia, "kule ndani atawaza ule muntu alikufa." Na jina la kwanza lilikuwa lile lile kila mara: "Andika, baba yako anakusalimia sana." Hilo alilisema kwa sauti ya chini, maana babu alikuwa nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe, na hakuwa amemsalimia mtu.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Mwalimu wa katekisimu alitufundisha kwamba uongo ulioandikwa ni dhambi sawasawa na uliosemwa. Basi nikajiona mtakatifu. Jumatano moja bibi alipotamka salamu za babu, nilichezesha kalamu hewani bila kuandika kitu, nikajipongeza moyoni.

Kesho yake jioni mama wa parokia alirudi na sufuria bado imejaa. Mjomba alikuwa ameisoma barua, akaisoma tena, kisha akamwomba mfungwa mwenzake amnyoe kichwa kwa msiba. Chakula alikikataa. Aliuliza swali moja tu: "Mulimuzika siku gani?"

Nilikiri pale pale. Sikupigwa, na heri ningepigwa. Bibi alikaa chini akasema polepole, "Weye mutoto, ulimuua baba yake."

Babu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akamtazama bibi. "Kila mara minye nilikuwa namusalimia?"

"Kila mara," bibi akajibu.

Jumapili babu alivaa koti lake la misa, akafunga sufuria nyuma ya baiskeli na kunipakia mbele, kwa kuwa, alisema, aliyemuua ndiye aende akamfufue. Nilimpenda sana siku ile, na nilimwogopa.

Mjomba alitoka, kichwa kinang'aa, amekonda. Alipomwona babu alisimama mbali, mikono imelegea.

"Minye njo huyu," babu akasema. "Siyakufa. Kuja tukule, bukari inapola."

Nikatumwa kutafuta maji ya kunawa. Niliporudi niliwakuta wameinama juu ya karatasi, wakaikunja haraka. Kisha tukala sufuria moja, watu watatu.

Bibi na babu wote wamekwenda. Babu alipokufa kweli mjomba alinyoa mara ya pili, na kwenye kilio watu walimtania kwamba amemlilia mzee mmoja misiba miwili. Siku hizi wajukuu wanasalimiana kwa simu, neno moja limetosha, na jina likikosekana hakuna anayeshtuka. Mimi nasikitika, hata kama mikono yangu haitamani tena kuandika salamu za mbwa.

Juzi mjomba alipekua kopo mpaka chini, akanipa barua yenye kosa langu. Pale chini, kwenye nafasi iliyobaki, kulikuwa na herufi kubwa zilizopinda, zile ambazo babu alijifunza ili aweze kutia sahihi kazini Kakontwe. Alikuwa ameandika jina lake, na baada ya jina, salamu. Kopo zima limejaa salamu za babu kwa mwandiko wangu. Alizoandika mwenyewe ni zile tu.