Maboksi Yangu ya Unga

Juzi tulikuwa tunahama. Baada ya miaka kumi na ushee kwenye lile ghorofa la Flemingdon Park, huku ughaibuni, binti yangu amepata nyumba Scarborough, na kila kitu lazima kifungwe. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye sasa ananipita kwa urefu, alipanda kiti kuteremsha vitu vya juu ya kabati la ukutani. Akashuka na boksi moja la karatasi ngumu lililovishwa kitenge cha kijani kilichopauka. Akalinusa. Akasema, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba hiyo ndiyo harufu ya utoto wake, na kwamba siku akipata mtoto nitamfundisha kutengeneza kama hilo.

Mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Ngoja nikueleze, maana kwa mtoto sikuweza kueleza upesi. Nilikuja nchi hii kulea. Binti yangu alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wazee, anatoka kungali giza, na wasichana wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitatu, wakabaki mikononi mwangu. Nguo za watoto wa huku hazina mwisho. Kuna sweta, kuna suruali ya theluji, glavu, soksi nene, soksi nyembamba, na kabati ni moja. Nikasema sinunui madebe ya plastiki wakati duka la pale chini linatupa maboksi ya ndizi kila siku.

Basi jioni tukishakula, nilikuwa naweka sufuria jikoni. Unga wa ngano, maji, chumvi kidogo, nakoroga mpaka unakuwa uji mzito unaovutika. Wasichana wanakaa sakafuni, mikono imejaa uji mpaka viwikoni, wanapaka, mimi nabandika vitenge vyangu chakavu ndani na nje. Nyumba nzima inanukia kama jiko la msibani. Boksi la soksi, boksi la sweta, boksi la nguo za mdogo zinazosubiri akue. Yalifika kumi na moja. Kila mgeni aliyeingia nilimfungulia kabati ayaone, hata kama alikuja kuomba chumvi.

Ng'ambo ya korido aliishi mama mmoja kutoka Bukavu na binti yake mdogo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mapazia, fundi hasa wa cherehani. Aliyaona maboksi, akayasifu, akayageuza huku na huku. Halafu akaniambia kwa upole, "Mama mukubwa, ile bunga itaita badudu. Ushone tu na uzi."

Nikamcheka mbele ya wajukuu zangu. Nikamwambia kwanza ajifunze kusema unga, ndipo aje kunifundisha kazi niliyoianza kabla mama yake hajaolewa. Wasichana wakashika hiyo, wakawa wanaimba bunga, bunga, nyumba nzima. Yule mama alitabasamu, akaaga. Sikuwakataza watoto.

Ukweli ni kwamba kwetu Korogwe boksi la unga linaanikwa juani mpaka linakauka kama chapati iliyosahaulika, na mdudu akitokea kuku yupo. Mimi hapa niliyakausha juu ya bomba la joto, madirisha yamefungwa miezi mitano, kisha nikayapanga gizani ndani ya kabati. Leo naliona hilo wazi kabisa. Wakati ule sikuliona, au sikutaka.

Baridi ilipokaribia kwisha, mende alitoka kwenye mkono wa sweta la mjukuu wangu mkubwa, darasani, mbele ya wenzake. Mwalimu aliandika barua. Binti yangu aliisoma kasimama, akaikunja, hakunitazama. Yule mtoto alikuja kwangu akaniomba nisimvalishe tena sweta lile. Wenzake walikuwa wamehama meza.

Hapo nilitafuta mtu wa kumbebesha lawama, na sikwenda mbali. Kesho yake kwenye chumba cha mashine za kufulia, wanawake wa ghorofa yetu wote wapo, wa Kenya, wa kwetu, mpaka mmoja wa Burundi, nikasema kwa sauti wakasikia, "Tangu huyu Mkongo ahamie, tunalala na mende." Naye alikuwepo. Alikuwa anakunja mashuka. Hakuacha kukunja.

"Mama mukubwa," akasema, "kuja uangalie kwangu. Mulango iko wazi."

Sikwenda. Wengine walinong'ona, na tangu siku ile hakuna aliyemruhusu mtoto wake kucheza na yule binti kwenye korido. Nilimwona mara nyingi amekaa mlangoni kwao na mwanasesere wake, anatazama wangu wakipita. Wangu nikawavuta mkono.

Kisha wenye jengo wakamleta mtu wa kupiga dawa. Alianza ng'ambo, kwa yule mama, akakaa kidogo akatoka. Akaingia kwetu. Alifungua kabati, akavuta boksi la kwanza, akachana kitenge kwa kisu chake. Sitaki kukueleza kilichokuwa mle ndani, kati ya nguo na karatasi. Yule mtu akasema maneno mengi, mimi wakati ule sijui Kiingereza, mwenye kunitafsiria ni mtoto wa miaka sita.

"Bibi, anasema nyumba yao ni hapa," akasema. "Anasema wanakula gundi."

Nikamuuliza, na kwa jirani?

Akauliza, akanigeukia. "Kwa yule mama hakuna kitu. Anasema ni safi sana."

Maboksi kumi na moja niliyashusha mwenyewe kwenye tundu la takataka, moja moja, nikisikia kila moja linavyogonga mpaka chini. Kisha nikajiambia nitakwenda kwake. Nilipika hata vitumbua. Nilisimama kwenye mlango wake na sahani, nikasikia cherehani inakwenda ndani, nikarudi. Tukakutana kwenye lifti, nikamwambia theluji mwaka huu imechelewa kuyeyuka. Akasema ndiyo, mama mukubwa. Hayo ndiyo yaliyonitoka.

Mwezi ulipokwisha alihama. Wengine walisema Hamilton, wengine Ottawa. Asubuhi ile nilikuta boksi mlangoni kwetu, limevishwa kitenge cha kijani, limeshonwa kwa uzi mnene pembe zote, halina tone la gundi. Ndani kulikuwa na lile sweta la mjukuu wangu. Nilikuwa nimelitelekeza kule kwenye mashine. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa.

Sikumwambia mtu limetoka wapi. Watoto wakadhani ni langu, nikawaacha wadhani. Wamekua wakilisifu.

Siku hizi nyumba ya binti yangu imejaa madebe ya plastiki yenye vifuniko. Uji wa gundi haupikwi tena, wala watoto hawakai sakafuni kupaka. Ghorofa lile nalo tumelifunga, ufunguo umerudishwa. Kilichobaki ni boksi moja, na mimi si mwenye nalo.

Ndipo juzi, mbele ya ile mizigo, nikamwambia mjukuu wangu akae. Nikamwonyesha pembe, uzi ulivyopita. Nikasema, "Hili si kazi ya mkono wangu. Mimi nilimtukana aliyeshona hili." Nikamweleza yote, hata ile bunga. Aliukumbuka ule wimbo, akainama.

Halafu akasema tumtafute. Siku hizi watu wanatafutwa kwenye simu, wanapatikana. Akatoa simu yake, akaweka kidole tayari, akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye siku hizi hanijibu kwa Kiswahili kabisa, "Bibi, anaitwa nani?"

Karibu mwaka mzima, mlango kwa mlango. Wenzangu walimwita kwa jina la mwanawe, nami nililisikia kila siku, sikulishika. Mimi nilikuwa nasema Mkongo.

Mtoto alingoja na simu yake mkononi. Mwisho taa ya simu ikazimika yenyewe.