Korongo wa Jovin

Mektrida ni mwoga, na hata yeye mwenyewe hakatai. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa trafiki wakati hana hata baiskeli. Sisi majirani zake hapa mtaani Soweto, mjini chini ya mlima, tumemtania mpaka tumechoka. Lakini mpe sindano na uzi uone. Masista wa Kibosho, kule mlimani, walimfundisha kudarizi akiwa binti mdogo, na leo hakuna kipaimara wala harusi ya maana huko mlimani ambayo vitambaa vyake havikupita mikononi mwake.

Hofu yake ya karibuni ilianzia kwa Davis, kijana aliyekuwa akichapa kofia karibu na stendi. Mteja akitaka nembo ya kampuni yoyote ile, Davis anaweka. Siku moja wakaja watu wa kampuni ya viatu pamoja na askari, wakabeba mashine, kofia na Davis mwenyewe. Davis alirudi. Mashine haikurudi. Tangu hapo Mektrida aliapa kwamba sindano yake haitagusa nembo ya watu, hata iwe ya timu ya mpira.

Ndipo akaja Doris.

Mume wa Doris, Jovin, alikuwa dereva wa lori wa kampuni ya usafirishaji. Lori lilipinduka naye njiani, limejaa mzigo wa kampuni, akafa. Kampuni ikasema haimjui, kwamba alikuwa kibarua wa kupita tu. Doris alikuja na shati la kazi la marehemu, lenye nembo kifuani: korongo mwekundu, yule ndege wa miguu mirefu, amekunjua mabawa. Alitaka ndege huyo adariziwe kwenye kitambaa cha kufunikia jeneza, awe mkubwa, aonekane toka mbali.

Mektrida alikataa. Akamweleza habari za Davis, akamweleza kwamba nembo ni mali ya wenyewe na kuishona bila kibali ni kujitafutia kesi, akamwonyesha cherehani yake, ambayo ndiyo inayolisha watoto. Doris alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Mektrida," akasema, "shati hili nimelifua miaka yote. Wanasema hawamjui. Mimi niwajibu na nini?"

Mektrida akalipokea shati. Jioni hiyo hiyo alikuja kwangu na cherehani kwenye toroli, akaniomba nimfichie. Nilicheka. Yeye hakucheka. Korongo alimshona kwa mkono, mlango umefungwa kwa komeo, na kila bodaboda ilipopunguza mwendo nje alisukumia kitambaa chini ya godoro.

Siku ya mazishi tulipanda Kibosho. Jeneza liliwekwa uani, pembeni mwa migomba ya shamba la ukoo, kihamba cha baba yake Jovin, limefunikwa mahameli ya zambarau, na juu ya mahameli yule korongo. Nisiseme uongo, alipendeza. Watu walikuwa wanajipanga kutoa heshima za mwisho gari lilipoingia, korongo yule yule amechorwa kwenye mlango wake. Akashuka afisa wa kampuni, ameshika shada la maua ambalo halikuandikwa limetoka kwa nani. Mektrida alinishika mkono, akanifinya hadi nikaumia.

Afisa alikitazama kitambaa, kisha akauliza taratibu nani amekishona. Mzee Leodegar, baba mkubwa wa marehemu, akadhani mgeni amevutiwa. Akajibu kwa fahari kwamba ni binti yetu huyu hapa, fundi hasa, na kama kampuni ina kazi wasisite. Ningeweza, ningemziba mdomo mzee wa watu.

Afisa akamsogelea Mektrida. Hakupaza sauti.

"Mama, hiyo nembo ni yetu na huna kibali. Itoe sasa hivi, au twende polisi."

Niliogopa mimi, sembuse yeye. Alimtazama Doris, na Doris akatazama chini. Mektrida akatoa mkasi mdogo kwenye pochi, akapiga magoti mbele ya jeneza, akaanza kufumua. Mkasi ukawa unamchoma vidole. Nyuzi nyekundu zilimjaa mapajani na machozi yalimtoka bila sauti. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimkasirikia pia, kwamba amekubali upesi namna ile.

Uzi wa mwisho ulipotoka, alisimama, akajipangusa. Jua lilikuwa limepenya migomba. Pale sindano ilipopita, manyoya ya mahameli yalikuwa yamelala na matundu yamejipanga: mabawa, shingo, mdomo, miguu. Korongo alikuwepo mzima, alikosa rangi tu.

"Na hayo?" afisa akauliza.

"Nyuzi nimetoa, bosi," Mektrida akasema. "Matundu hayatoki. Labda ukichane kitambaa."

Afisa akatazama jeneza, akatazama watu. Kuchana kitambaa cha marehemu mbele ya ukoo ule hakuthubutu. Doris akainua uso, akasogea, akaweka kiganja juu ya bawa. Akafuata Mzee Leodegar, kisha sisi wote, foleni ikipita mbele ya afisa, kila mmoja akigusa pale pale. Jovin akazikwa na kitambaa hicho.

Cherehani ya Mektrida ingali kwangu. Kila nikimwambia aje aichukue, ananiuliza kwanza kama kuna gari limesimama nje.