Asilimia Kwenye Ukuta wa Kanisa

Ndugu zangu, mpaka leo nikipita karibu na lile kanisa la Nyanungu huwa natazama upande wa pili wa barabara kama mtu anayetafuta ng'ombe wake aliyepotea, na wanaokijua kisa changu huanza kucheka kabla sijawasalimia, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine mtaambiwa nililia mbele ya maharusi, na sikulia (kilichokuwa kinatiririka ni jasho).

Kwetu ni Singida. Huku mpakani nilikuja kufuata dhahabu kama wenzangu wengi, nikashuka shimoni mara chache tu nikagundua kwamba mimi na giza la chini ya ardhi hatupatani, nikapanda juu na kubaki juu. Nikafungua kibanda pale Genkuru, natoa fotokopi, nachapa barua, nawawekea watu nyimbo kwenye simu. Basi kwa kuwa nilikuwa na laptop, na kwa kuwa nilipokuwa naitazama nilikuwa nakunja uso kama daktari, watu wakaanza kuniita Injinia. Sikuwasahihisha. Ukipewa jina zuri ugenini unalipokea kwa mikono miwili.

Mwenye nyumba wangu ni Mzee Mwita, na huyu ni zaidi ya mwenye nyumba, kwa sababu mvua za kwanza nilizozikuta huku malaria ilinilaza chini nisijue asubuhi wala jioni, na ni nyumbani kwake nilikoletewa uji, na binti yake Bhoke ndiye aliyekuwa anauleta na kusimama mlangoni mpaka nimalize. Kwa hiyo Bhoke alipopata mchumba kule Nyanungu, nilifurahi kama anaolewa dada yangu.

Tatizo lilikuwa bibi yake. Mama mzazi wa Mzee Mwita anaishi ng'ambo ya mpaka, Kenya, upande wa Kehancha, kwa shangazi yake Bhoke anayeitwa Ghati, na huyo bibi ndiye aliyemlea Bhoke tangu akiwa mdogo. Alianguka akavunjika nyonga, safari ya gari haiwezi. Na Bhoke akasema wazi kwamba hatatoka kanisani bila baraka ya bibi. Mzee Mwita akaja kibandani, akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza kama inawezekana bibi apigiwe simu ya video, aonekane mkubwa ukutani kwa projekta, waongee na mjukuu wake mbele ya watu wote. Nikamwambia hilo ni jambo dogo sana. (Ndiyo, nilitumia neno "dogo.")

Sasa sikumwambia kwamba laptop yangu ilikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inadai kuwekewa apdeti ya usalama, na kila nikiikubalia inajizima, inajiwasha, inahesabu asilimia taratibu kama mtu anayepanda mlima na gunia, ikikaribia kileleni inasema imeshindikana, halafu inaanza kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Nilikuwa nimejaribu yote ninayoyajua. Nilizima kinga ya virusi, nikaiwasha, nikaibeba mpaka kilimani kwenye mtandao mzuri, nikaipuliza vumbi, nikaiacha ipoe. Siku moja niliiombea. Rafiki yangu Deus, ambaye ni fundi kweli kweli kule Mwanza, aliniambia shida ni kwamba imejaa, haina nafasi ya kufungulia hiyo apdeti, nifute vitu. Lakini vitu vilivyoijaza ni tamthilia zangu za Kikorea, na kuna moja nilikuwa sijafika mwisho.

Jumamosi ya harusi nikafika kanisani mapema. Spika ya kanisa ni ya kisasa, inashika simu bila waya, nikaunganisha simu yangu nikajaribu wimbo, ukasikika vizuri. Katibu wa kanisa akaniwashia projekta kwa rimoti, picha ikakaa ukutani imenyooka. Nikampigia shangazi Ghati kwa video, akaonekana, nikakata tusubiri wakati wake. Kila kitu kilikuwa tayari, na mtu mwenye akili angekaa kwenye benchi akafunga mikono yake.

Ila pale kwenye kona ya picha palikuwa na alama nyekundu, ikisema kompyuta yangu iko hatarini, na ukutani ilikuwa kubwa kama sahani. Na wageni wa bwana harusi kutoka Kenya walikuwa wameanza kuingia, mmoja nimeambiwa anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, nikaona huyu atasemaje akiona Injinia wa Genkuru ana alama nyekundu. Nikabonyeza nijaribu mara moja tu, labda leo itakubali.

Ikajizima. Kwaya ikaanza kuimba, maharusi wakaingia wakicheza taratibu, na ukutani, juu ya kichwa cha mchungaji, yakatokea maandishi ya Kiingereza kwamba apdeti inaendelea, tafadhali usizime kompyuta, na chini yake asilimia. Sikuweza kuzima projekta kwa sababu ilikuwa imening'inizwa juu, na rimoti aliyekuwa nayo ni katibu wa kanisa, aliyekuwa ameenda kupokea wageni barabarani. Mama mmoja wa benchi la mbele akaona thelathini, akafungua kitabu cha nyimbo akautafuta wimbo namba thelathini, alipoupata ukuta ukawa umesema thelathini na moja, akafungua tena, akanigeukia kwa upole akaniomba nisiwabadilishie haraka hivyo.

Mahubiri yakapita, viapo vikapita, na watu walikuwa wanasikiliza kwa sikio moja huku macho yakifuata namba. Ilipofika tisini na kitu hata mchungaji aligeuka kutazama. Halafu ukuta ukasema imeshindikana, inarudisha mabadiliko, na kanisa zima likaguna kwa pamoja, kama watu waliomwona mchezaji wao akikosa penalti.

Ndipo mchungaji akasema sasa ni zamu ya bibi. Watu wote wakanitazama. Bhoke akanitazama. Nikajikunja nyuma ya meza nikampigia Deus nikamnong'oneza kwamba apdeti imeshindikana tena, na kwa hofu niliyokuwa nayo nikasahau kabisa kwamba simu ilikuwa bado imeshikana na spika ya kanisa.

"Si nilikwambia imejaa," sauti ya Deus ikanguruma kutoka pembe zote za jengo. "Futa hizo tamthilia unazolia nazo kila jioni. Halafu uache kujiita injinia, wewe kazi yako ni kuzima na kuwasha."

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia simu na masikio yangu yanavuma, nikamjibu, na jibu langu nalo watu wakalisikia, kwamba sasa hivi hata kuzima siwezi.

Kicheko kikaanzia nyuma kwa vijana, kikaja mbele kwa akina mama, kikampata mchungaji, nikamwona Mzee Mwita anajifuta macho kwa leso. Nilitamani lile shimo la dhahabu nililolikimbia liwe hapo chini ya meza, safari hii ningeshuka bila kusukumwa. Nilipoinua uso nilimkuta Bhoke amesimama mbele yangu na shela lake, ametoka madhabahuni mwenyewe. Hakuwa anacheka. Akaongea taratibu, na ndiyo mara ya kwanza siku hiyo mtu kuniita jina langu.

"Kaka Petro, hiyo simu yako inasikika vizuri. Mpigie shangazi."

Nikapiga, simu ya kawaida, bila picha. Shangazi Ghati akapokea, akasema wao wako sawa, ni vile tu walikuwa wanatungoja sana na aliishamwambia bibi kuna mashine imesumbua. Akasema anamwekea bibi simu kwa sikio. Nikamkabidhi Bhoke simu.

Bibi aliongea Kikurya, sauti nyembamba lakini haina haraka. Mzee Mwita akasimama katikati akawa anatutafsiria wageni. Bibi alisema anamkumbuka Bhoke akiugua surua, yuko mgongoni mwake, wakivuka mto kwenda zahanati, na maji yalikuwa mengi. Alisema mtoto aliyevuka yale maji hawezi kushindwa na nyumba ya watu. Iliyobaki Mzee Mwita aliitafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema, nenda mwanangu. Ukinikumbuka, njoo. Usisubiri mpaka ugombane na mtu ndiyo uje."

Bhoke alilia, akina mama wakapiga vigelegele mpaka spika ikakwaruza. Shangazi akaja kunieleza baadaye kwamba bibi macho yake siku hizi yanaona ukungu tu, picha asingeiona hata ingekuwa kubwa kama mlima, alichokitaka ni sauti, na ile sauti aliisikia mpaka kwaya.

Kwenye chakula nilijificha kwa wapishi. Mzee Mwita akanitafuta, akanivuta mkono akanikalisha meza ya ndugu zake, akawaambia wazee wale, huyu ndiye kijana wangu. Mmoja akaniita kijana kwa Kikurya akaniuliza, "Mura, hizo tamthilia zinahusu nini mpaka mwanaume analia?" Nikamweleza, kwa kirefu, na akasikitika kweli. Wakanicheka mpaka jua linazama, lakini ndugu zangu, kuna kicheko cha kumfukuza mgeni na kuna kicheko anachochekwa mtoto wa nyumbani, na mimi tangu niondoke Singida nilikuwa sijachekwa hivyo. Ninashukuru mpaka leo.

Jumatatu nilifuta tamthilia zote, hata ile ambayo sikuimaliza, na apdeti ikapanda mlima wake mpaka juu na ikakaa. Nimeapa kwamba kitu kikiwa kinafanya kazi siku ya shughuli ya watu, sikigusi, hata kiwake nyekundu kama pilipili. Na nikiulizwa jambo nisilolijua, nasema silijui, na cha ajabu wateja hawajapungua.

Wiki chache baadaye Bhoke na mumewe walikwenda Kehancha kumsalimia bibi, wakanibeba. Nikapiga goti kando ya kitanda nikamwamkia shikamoo. Bibi akaushika mkono wangu akaupapasa muda mrefu, kisha akasema kitu kwa Kikurya, na Bhoke akainama akiwa anajizuia kucheka.

"Anasema karibu nyumbani. Na anauliza kama mashine imepona."